Kazi ya Mhariri Asiyekuwepo: Mafunzo ya Blogu na Habari za Kidijitali kwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza uandishi wa blogu na habari za kidijitali kwa kawaida huuliza kwanza habari za vifaa: simu ipi inapiga picha safi, programu ipi inafaa kuhariri video, ukurasa upambwe kwa rangi gani. Hayo hufundishika kwa siku chache. Kinachochukua muda mrefu zaidi ni kujifunza kazi za watu ambao kwenye blogu hawapo. Katika gazeti, habari hupita mikononi mwa mhariri anayehoji chanzo, mhariri wa lugha anayenyoosha sentensi na, inapobidi, mwanasheria anayesema kama inaweza kuchapishwa. Mwanablogu huyafanya yote hayo peke yake, mara nyingi akiwa na haraka ya kuwatangulia wenzake.

Mwanablogu wa Tanzania Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti la Daily News, na hivyo aliingia mtandaoni akiwa na uzoefu wa chumba cha habari. Wengi wa wanafunzi wa leo huanza upande wa pili: ukurasa hufunguliwa kwanza, nidhamu ya kazi ikitarajiwa kufuata baadaye.

Nidhamu ya kwanza ni uhakiki. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa zilizofuatana. Tuchukulie kwamba katika siku kama hizo mwanafunzi ametumiwa kwa WhatsApp picha ya barabara iliyofunikwa na maji, yenye maneno kwamba ni Kilwa, asubuhi hiyo. Swali la kwanza si kama picha inasisimua, bali ni kama aliyeituma ndiye aliyeipiga; na kama siye, aliipata kwa nani. Anayedai kuipiga aombwe faili halisi, kwa kuwa picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kuondolewa taarifa za ndani zinazoonyesha tarehe, saa na pengine mahali ilipopigwa.

Hatua inayofuata ni kuitafuta picha hiyo kwa Google Lens au TinEye ili kuona kama iliwahi kutokea mtandaoni kabla ya siku inayodaiwa. Ikionekana katika habari ya miaka mitatu iliyopita, shauri limekwisha. Isipoonekana, hilo halithibitishi kuwa ni mpya, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba utafutaji usiozaa matunda ni kibali. Bado inabaki kazi ya macho: mabango ya maduka yameandikwa lugha gani, vibao vya namba za magari vinaanza na T kama ilivyo Tanzania au na K kama ilivyo Kenya, jengo lililo nyuma lipo kweli katika mji huo? Mwisho apigiwe simu mtu aliye mahali pale. Kwa maoni yangu, simu hiyo moja huwa na thamani kuliko programu zote zilizotajwa, hasa sasa ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza mafuriko ambayo hayajawahi kutokea popote.

Jambo jingine ambalo gazeti halikumzoesha mtu ni umri wa maandishi. Gazeti la jana hufungia maandazi leo, lakini habari ya blogu inaweza kusomwa baada ya miaka miwili na mtu aliyeipata kwa kutafuta. Kwa sababu hiyo maneno "jana", "leo" na "kesho" yaandamane na tarehe kamili, na tahadhari ya hali ya hewa ionyeshe ilitolewa saa ngapi. Kichwa cha habari nacho kitaje jambo lenyewe. Vichwa vya aina ya "hutaamini alichokifanya mbunge huyu" huleta wasomaji mara moja, kisha huwafundisha kutokuamini kinachofuata.

Sheria haziepukiki. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilitungwa mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Kwa hiyo mwanafunzi anayekusudia kutoa habari kwa umma asitegemee alichoambiwa na mwanablogu wa zamani kuhusu leseni, bali aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Asome pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa uchapishaji wa taarifa za uongo, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha iliyookotwa mtandaoni ina mwenyewe, na kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakumpi mtu haki ya kuitumia.

Makosa yatatokea hata hivyo. Yakitokea, habari isifutwe kimyakimya wala neno lisibadilishwe kwa siri, kwa maana tayari kuna waliopiga picha ya skrini. Sehemu yenye kosa irekebishwe, na juu ya habari iwekwe sentensi inayosema kilichoandikwa awali, kilicho sahihi, na tarehe na saa ya marekebisho. Kama habari ilisambazwa pia kwenye makundi ya WhatsApp au kurasa nyingine, marekebisho yapelekwe huko huko. Kwa mazoezi ya darasani, napendekeza wanafunzi wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja akiwa mhariri wa mwenzake, na habari isichapishwe mpaka mhariri huyo awe amepiga simu mwenyewe kwa angalau chanzo kimoja.