Waamuzi Wenzangu, Acheni Kumtafuta Mchezaji kwa Jina

Nimeletewa tena faili la mashindano ya chesi nilikague kabla ya kutumwa, na nimekuta kosa lile lile. Mwandalizi anaamini kwamba akishapakia orodha ya viwango (namba zinazoonyesha nguvu za kila mchezaji) ya FIDE, shirikisho la chesi duniani, ndani ya Swiss-Manager, programu ya kupanga nani akutane na nani, hifadhidata imekamilika. Kilichobaki ni kuandika jina na kubofya la kwanza linalotokea.

Kupakia orodha ndiyo sehemu rahisi. Orodha mpya hutoka kila tarehe 1 ya mwezi. Unaishusha, unaiingiza, basi. Hakikisha tu unachagua safu inayohusika: ya mchezo wa kawaida, wa kasi au wa blitz, ambao ni wa kasi zaidi. Na usitumie faili kuukuu lililonakiliwa na rafiki. Machi 2024 FIDE iliwapandisha kwa mkupuo waliokuwa chini ya 2000: aliyekuwa na 1500 aliamkia 1700. Orodha ya 2023 leo inakudanganya vibaya.

Sasa majina. Hapa pwani Mohamed yumo pia kama Mohammed, Muhammad na Muhamad, na Swaleh ni Saleh pia. Orodha ya FIDE hutanguliza jina la ukoo, lakini wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Mmoja kasajiliwa kwa jina la baba, nduguye wa tumbo moja kwa la babu. Wagiriama nao humpa kifungua mimba jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo Charo Kazungu anaweza kuwa mwana wa Kazungu Charo. Hifadhidata haijui hayo. Ukiandika majina mawili ukabofya kwa haraka, umemweka baba mezani pa mwanawe, na michezo ya kijana itaingia katika hesabu za mzee.

Hilo si jambo dogo. Katika mchezo wa kawaida, kijana chini ya miaka 18 mwenye kiwango chini ya 2300 hukokotolewa kwa K ya 40; K ndiyo namba inayoamua kiwango kipande au kishuke kwa kiasi gani. Mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 na yuko chini ya 2400, kwa 20. Mtoto anashinda wikendi nzima halafu mwezi ujao haoni chochote, nami nimewaona watoto wakiuacha mchezo kwa sababu kama hiyo.

Kwa hiyo fomu ya usajili iwe na namba ya FIDE na mwaka wa kuzaliwa. Tafuta kwa namba, kisha thibitisha kwa mwaka. Asiyeijua namba yake, kaa naye mfungue pamoja tovuti ya FIDE kabla ya raundi ya 1. Wazazi watanung'unika kwenye foleni, waombeni subira. Makosa ya takwimu huweza kusahihishwa baadaye, lakini namba za upangaji, yaani nafasi za wachezaji kwa kufuata viwango, haziguswi tena raundi ya 4 ikishapangwa.

Asiye na kiwango mwandikie 0. Kumpa 1400 eti ndicho kiwango cha chini kabisa ni kumbunia kitu ambacho hakukipata mezani.

Hapo kuna jambo linalonisumbua. Tuna wachezaji hodari ambao wamecheza maisha yao yote barazani, hawajawahi kushiriki mashindano yanayokokotolewa. Kwa 0 wanashuka mkiani. Katika raundi ya 1 ya mashindano ya watu 40, wa 1 hukutana na wa 21, wa 20 na wa 40. Basi aliyejinyakulia nafasi ya 20 kwa jasho lake anaweza kumkuta mbele yake mtu wa nguvu za 2000. Wako waamuzi wanaokadiria kiwango kwa ajili ya upangaji pekee, na hoja yao ina uzito. Lakini nani akadirie, na tutamjibu nini mzazi atakayesema mwanawe kaonewa? Mpaka nipate jawabu ninaloweza kulitetea mbele ya ukumbi mzima, naandika 0.