Mdudu mkavu na DNA yake: yasemwayo na yalivyo

"Mdudu aliyekaa makumbusho miaka mingi hana DNA tena."
Anayo, ila imekatika vipande vidogo, vingi havifiki jozi besi 100 (jozi besi ni kama herufi moja ya maandishi ya DNA). Mashine za siku hizi vipande hivyo huvisoma. Kinachoharibu zaidi ni namna mdudu alivyouawa na kuhifadhiwa. Mbawakawa aliyeuawa mwaka juzi kwa mvuke wa ethili asetati anaweza kutoa DNA mbovu kuliko mwenzake wa zamani aliyekaushwa upesi. Fomalini ndiyo balaa: huigandisha DNA pamoja na protini, na kuitoa humo ni kazi kwelikweli.

"Spiriti ni spiriti."
Spiriti ya kuhifadhia wadudu (ethanoli) ya asilimia 70 ina maji ya kutosha kuiharibu DNA taratibu. Tumia ya 95 au zaidi, ingawa humkausha mdudu hadi miguu inakatika. Mbu mimi ningewaweka kwenye silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, kila mmoja na tyubu yake, pamba ikimtenga na chembe. Chembe za buluu zikigeuka waridi, zimeshiba unyevu. Badilisha.

"Lazima asagwe ili DNA itoke."
Mguu mmoja wa mbu unatosha kujua kama ni Anopheles gambiae au Anopheles arabiensis, mbu wa malaria ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hata mguu wenyewe waweza kuokolewa: mdudu mzima hulowekwa usiku kucha kwenye mchanganyiko wenye kimeng'enya cha proteinesi K, nyuzijoto 56 hivi. Nyama za ndani huyeyuka, DNA hutoka, gamba hubaki. Asubuhi anasuuzwa, anakaushwa, anarudi kwenye pini yake na lebo yake. Lebo ikipotea, hujui tena alikamatwa wapi na lini, na vinasaba vyake havilinganishwi na vya yeyote.

"Mmoja akisomwa vizuri, yatosha."
Utofauti huonekana kwa kulinganisha wengi. Mradi wa Ag1000G, unaochunguza vinasaba vya mbu wa malaria, ulichapisha mwaka 2017 jenomu (DNA yote ya kiumbe) za mbu 765 kutoka nchi 8 za Afrika. Wa Kilifi, Kenya, walikutwa na sehemu ndefu za jenomu ambamo nakala ya baba na ya mama zinafanana, dalili kwamba walikuwa wamepungua sana na kuzaana ndugu kwa ndugu.

"Hata wa zama za dinosaria, aliyenaswa kwenye kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe), anayo."
Madai hayo yalivuma miaka ya 1990. Wengine walipojaribu kurudia hawakupata kitu. Utafiti wa 2020 ulipata DNA ya mbawakawa walionaswa kwenye utomvu wa msandarusi wa Madagaska. Utomvu huo ulikuwa na miaka 2 na 6.