Uwiano wa kubadilishana hisa, na kwa nini wanahisa huuvutania kampuni zinapotaka kuungana

Uwiano wa kubadilishana hisa ni kiasi cha hisa za kampuni moja anachopewa mwanahisa wa kampuni nyingine kwa kila hisa anayoitoa, pale muungano unapofanywa kwa hisa badala ya fedha taslimu. Bodi za wakurugenzi hupenda kuzungumzia masoko mapya na gharama zitakazopungua, lakini mwanahisa makini huanza na namba hii, na nadhani hakosei, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani atamiliki sehemu gani ya kampuni itakayozaliwa.

Muungano wa Alcatel ya Ufaransa na Lucent Technologies ya Marekani, watengenezaji wa mitambo ya mawasiliano, ulitangazwa Aprili 2006 kwa uwiano wa 0.1952, yaani mwenye hisa 100 za Lucent alistahili 19.52 za Alcatel. Wanahisa wa Alcatel wangemiliki takriban asilimia 60 ya kampuni mpya, na wa Lucent asilimia 40. Uwiano huo ulikaribiana na bei za soko za wakati ule, kwa hoja kwamba kampuni hizo zilikuwa zikiungana kama wenza walio sawa. Hoja hiyo haimridhishi kila mtu. Mwanahisa wa Lucent alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini akubali kuwa upande wenye sehemu ndogo bila kulipwa nyongeza juu ya bei ya soko, na wa Alcatel kwa nini abebe pamoja na mwenzake mzigo wa mafao ya wastaafu wa Lucent.

Tena uwiano ukishafungwa hukaa palepale, ilhali bei haitulii. Tuseme hisa ya Alcatel ni dola 15: hisa 100 za Lucent zinakuwa na thamani ya dola 292.80. Ikishuka hadi dola 12, zinabaki na thamani ya dola 234.24, ingawa hakuna kifungu cha mkataba kilichoguswa. Ndiyo maana baadhi ya mikataba huweka mipaka ambayo bei ikiivuka, uwiano hurekebishwa.

Uzito wa kura nao hutegemea sheria. Huko Delaware, jimbo la Marekani ilikosajiliwa Lucent, muungano ulihitaji zaidi ya nusu ya hisa zote zenye haki ya kura, hivyo aliyenyamaza alihesabika sawa na aliyekataa. Ufaransa ilidai theluthi mbili katika mkutano mkuu maalumu. Pande zote mbili ziliidhinisha tarehe 7 Septemba 2006.

Si kila muungano hupitia kura ya pande zote mbili. Nokia ilipoitaka Alcatel-Lucent mwaka 2015, kwa hisa 0.55 za Nokia kwa kila hisa moja, wanahisa wa Nokia walipiga kura mkutanoni, lakini wale wa Alcatel-Lucent waliletewa ombi ambalo kila mmoja alilijibu peke yake kwa kutoa hisa zake au kuzishikilia. Kuzishikilia hakukuwa kinga ya kudumu: Nokia ilipovuka asilimia 95 mwaka 2016, sheria ya Ufaransa iliiruhusu kuzichukua kwa lazima hisa zilizosalia, na wenye nazo wakalipwa fedha taslimu.