Masika yamekata, usikimbilie kopo la rangi

Ikifika Juni, simu yangu huita kwa jambo lile lile. Mvua zimekata, shule zimefungwa, watoto wanashinda nyumbani, na mwenye nyumba kavuta kochi ili afagie vizuri. Nyuma ya kochi anakuta rangi imevimba, ukiigusa inabanduka, na sakafuni kumejaa unga mweupe. "Fundi, Jumamosi njoo unipigie rangi."

Mimi ni mwashi hapa Dar es Salaam, na siku hizi naitwa kutibu kuta zinazolika kuliko kujenga mpya. Jibu langu huwa hilo hilo: Jumamosi nitakuja, ila rangi tutapiga Septemba. Wapo wanaokata simu hapo hapo, na siwalaumu, maana fundi wa jirani ameahidi kumaliza kwa siku mbili.

Tofali la saruji limejaa vitundu vidogo usivyoviona, na lipu nayo vivyo hivyo. Kuanzia Machi hadi Mei ardhi chini ya nyumba hushiba maji, na maji hayo hupanda kwenye vile vitundu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hayapandi peke yake. Yanabeba chumvi iliyomo ardhini, iliyomo kwenye saruji, na hasa iliyomo kwenye mchanga kama aliyejenga alichota wa ufukweni kwa kukwepa gharama. Yakifika usoni mwa ukuta maji hukauka, chumvi hubaki. Inaganda, inakuwa fuwele, na fuwele zikikua zinataka nafasi. Zinasukuma rangi kwanza, halafu lipu yenyewe.

Hapo utaelewa kwa nini watu hushangaa: "Masika yote ukuta ulikuwa mzima, jua limetoka ndiyo unapukutika?" Ndivyo ukuta unavyofanya. Ukuta unaharibika unapokauka. Ukiuziba kwa rangi mwezi huu, umeufungia maji ndani pamoja na chumvi yake, na kabla ya Krismasi utanipigia tena.

Kwa hiyo Juni ni mwezi wa kutafuta maji. Kazi hii familia inaiweza yenyewe, bila mimi.

Anza kwa kuangalia alama. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kawaida hayavuki mita moja au zaidi kidogo, na huacha mstari unaofuata ukuta mzima. Kama doa liko sehemu moja tu, tena upande wa pili ni bafu, shuku bomba. Usiku mkishamaliza kuoga fungeni koki zote, mtu asome mita ya maji, asubuhi aisome tena kabla hajatumia mtu. Namba ikiwa imesogea, mwite fundi bomba, na mwashi asubiri. Na kama doa linaanzia juu, panda darini uangalie misumari ya bati na kofia, lile bati linalofunika mgongo wa paa.

Kuna kipimo cha karatasi ya nailoni nakipenda kwa sababu hakina gharama. Futa ukuta, bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, ziba pande zote nne kwa gundi ya utepe, uache siku mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumba, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu: fungueni madirisha na msogeze kabati mbali na ukuta. Madoa meusi yenye harufu nyuma ya kabati ni ukungu, si chumvi. Chumvi ukiinyunyizia maji inayeyuka, ukungu unabaki palepale.

Sasa tokeni nje, maana huko ndiko kwenye ugonjwa mara nyingi. Nyumba nyingi za mjini zimezama bila kuzama. Mwaka huu mmemwaga kifusi uani ili matope yapungue, mwaka jana mlileta mchanga, juzi mama kapanda maua kuzunguka ukuta na kuyarundikia udongo. Ardhi ya nje inapanda polepole hadi inapita sakafu ya ndani, na ile nailoni iliyowekwa juu ya msingi kuzuia maji, kama iliwekwa, inabaki chini ya udongo bila faida.

Pimeni kwa mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, mita nane hivi. Ujazeni maji na mtoe mapovu yote, kwa sababu povu moja linadanganya. Mtoto mmoja akae ndani, ashike ncha yake ukutani. Mwingine apitie mlangoni na ncha ya pili, asimame nje kwenye kona. Wa ndani apandishe au ashushe mpaka maji yatulie mkabala na alama mliyoipiga kwa penseli, tuseme sentimita 50 juu ya sakafu. Pale maji yalipotulia kwa yule wa nje, piga alama, kisha shuka sentimita 50. Hapo ndipo sakafu yako ilipo. Nimeona wazee wakiduwaa kukuta alama inaangukia ndani ya tuta la maua. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, na uteremke kuelekea mbali na nyumba. Chepe na toroli, wikiendi mbili za likizo, na mmefanya kazi ambayo hakuna rangi itakayoifanya. Kama paa halina gata, maji ya bati yanadondoka mguuni mwa ukuta na kurukia lipu, kwa hiyo gata iingie kwenye bajeti kabla ya rangi.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo watu wanaponishinda. Mafundi wana kanuni ya zamani: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Tofali lako ni la inchi sita. Kwetu upepo wa kusi unasaidia, mambo yanakwenda haraka kuliko kwenye nchi za baridi, lakini wiki mbili hazitoshi. Katika kusubiri, kwangueni rangi iliyovimba na mfagie unga mkavu kwa brashi, muuzoe na kuutupa mbali. Msiuoshe. Ukiosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani.

Mama mmoja aliniambia, "Fundi, mwezi wa saba namuozesha binti, wageni wakae na ukuta wenye ukurutu?" Ana haki. Kwa shughuli ya namna hiyo, kwangua, fagia, paka chokaa mara mbili, nyembamba. Chokaa inapitisha unyevu, ni rahisi, na baada ya harusi inakwanguka bila vita. Msichopaka ni rangi ya mafuta, ile kahawia ya chini tuliyozoea ili mikono ya watoto isichafue. Maji yakizuiwa chini yanapanda hadi juu ya mwisho wa rangi hiyo, na tatizo lililokuwa usawa wa goti linakufika kifuani. Skimu ya jipsamu, lile tabaka la mwisho la kulainisha ukuta, nayo msipake: ikilowa inakuwa uji.

Wazee wa pwani walilijua hili. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinapumua. Zilipokuja kuzibwa kwa lipu ya saruji ndipo nyingi zilipoanza kushikilia maji.

Kama lipu yako imekufa, yaani ukiigonga inatoa sauti ya uwazi, ibomoe hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, uache tofali wazi likauke. Lipu mpya nachanganya ndoo moja ya saruji, mbili za chokaa, tisa za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Ni dhaifu kuliko ile tuliyozoea, na nimekusudia hivyo. Imwagilieni taratibu siku kadhaa ili isipasuke. Chokaa inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo hapa watoto wakae pembeni, na anayechanganya avae glavu na miwani.

Septemba bandikeni tena kile kipande cha nailoni. Kikiwa kikavu, pigeni rangi ya maji kabla vuli haijaanza Oktoba. Kikiwa bado kina matone, acheni sehemu ya chini na chokaa yake, vuli ipite, mje mpime tena Januari jua likishakuwa kali.