Je, wajua sumu ya nge huziba neva bila kuichoma?

Muulize yeyote aliyedungwa na nge, jibu ni moja: inachoma. Na kwa kuwa inachoma, wengi huamini kwamba kilichoingia mwilini ni kitu cha jamii ya asidi, kinachounguza nyama na kuua neva. Tiba za mtaani hufuata mantiki hiyohiyo. Chanja kwa wembe sumu itoke, paka mafuta ya taa ipoe, bandika jiwe jeusi linyonye. Wanaojenga huko Kitengela, ambako kuinua jiwe asubuhi kunahitaji uangalifu, wana orodha ndefu zaidi.

Dhana hii inaeleweka, lakini karibu yote si sahihi. Neva ya maumivu ikishtuliwa, mtu husikia moto hata kama hakuna seli hata moja iliyoungua. Kweli wapo nge wachache ambao sumu yao huozesha nyama, kama Hemiscorpius lepturus wa Iran, na huyo asisahauliwe. Kwa nge wengi, hata hivyo, sumu kwa sehemu kubwa ni mchanganyiko wa protini ndogondogo ambazo hazivunji kitu. Kazi yake ni kuingilia milango ya seli za neva: nyingine huizuia isijifunge, nyingine huiziba. Hizi za kuziba, hasa zinazoziba mlango wa potasiamu, ndizo zenye umbo la ajabu kuliko zote.

Aliyesoma biolojia ya kidato cha nne anakumbuka mambo ya msingi. Ujumbe wa neva ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu kuingia ndani ya seli, kisha za potasiamu kutoka. Potasiamu ikishatoka, neva hutulia. Njia inayopitia ni mifereji ya protini iliyopenya utando wa seli, ndiyo ile milango tuliyoitaja, na ikizibwa, neva hukawia kutulia na huendelea kumwaga kemikali zake kwa seli jirani.

Sasa tuitazame sumu yenyewe. Karibdotoksini hutoka kwa Leiurus quinquestriatus, nge wa manjano wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mtafiti Christopher Miller na wenzake walitangaza mwaka 1985 kwamba huziba mfereji wa potasiamu. Sumu hii ni mnyororo wa asidi amino 37 tu (asidi amino ni vijenzi vya protini, si asidi ya kuunguza); insulini, ambayo nayo huhesabiwa kuwa protini ndogo, ina 51. Kwa kawaida mnyororo mfupi hivyo ungeyumbayumba majini bila umbo maalumu. Huu hauyumbi, kwa sababu sita kati ya hizo 37 ni sisteini, na sisteini hubeba salfa. Salfa ya sisteini ya 7 imeshikana na ya 28, ya 13 na ya 33, ya 17 na ya 35. Upande mmoja mnyororo umejisokota, upande wa pili umejikunja kuwa mikanda mitatu iliyolala sambamba, na viwili kati ya vifungo hivyo vya salfa vimeubana msokoto juu ya mikanda. Hapo hakuna kinachocheza, ndiyo maana sumu za aina hii huvumilia joto ambalo lingeharibu protini nyingi za kawaida. Na kwenye uso wa mikanda, nafasi ya 27, imechomoza asidi amino moja iitwayo laisini, ndefu na nyembamba, yenye chaji chanya kwenye ncha.

Mfereji nao una vipande vinne vya protini vilivyozunguka tundu moja. Sehemu nyembamba kabisa ya tundu hilo ina urefu wa kama nanomita 1.2, na atomi za oksijeni zimepangwa kuelekea ndani. Ioni ya potasiamu ikiwa majini huzungukwa na molekuli za maji. Ili ipite, lazima iyaache maji hayo, na oksijeni za mfereji huchukua nafasi ya maji kwa kipimo kilekile. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, lakini haipiti kirahisi, kwa sababu oksijeni hizo haziikumbatii vizuri kama maji yalivyokuwa yakiikumbatia. Roderick MacKinnon na wenzake walilionyesha umbo hilo mwaka 1998 kwa kutumia mfereji wa bakteria, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ioni hupita kwa foleni moja, na bado mfereji mmoja huweza kupitisha karibu milioni 100 kwa sekunde.

Basi fikiria mlango wa matatu ya Rongai saa moja jioni, abiria wanashuka mmoja mmoja. Nje kuna jamaa mwenye gunia la viazi mgongoni ambaye hana subira. Anaingiza mguu mlangoni. Mguu unapita, maana ni mguu kama wa abiria yeyote, lakini gunia halipiti. Amekwama hapo, mguu ndani na mzigo nje, na hakuna anayeshuka. Mlango haujavunjika, na injini inaunguruma kama kawaida. Laisini ya 27 ndiyo mguu huo, kwa sababu chaji yake chanya inakubalika pale ambapo ioni ya potasiamu ingekaa. Mwili wa sumu, uliokazwa kwa salfa, ndio gunia. Na abiria wa ndani wakizidi kusukuma, jamaa anatupwa chini pamoja na viazi vyake.

Hilo la kusukuma si chumvi ya kunogesha mfano. Mwaka 1988 MacKinnon na Miller walionyesha kwamba potasiamu ikiongezwa upande wa ndani wa utando, sumu iliyokaa upande wa nje hubanduka upesi zaidi. Mwaka 1992 Chul-Seung Park na Miller waliiondoa laisini ya 27 na kuweka asidi amino isiyo na chaji, na sumu ikaacha kujali msukumo huo wa ndani. Kisha mwaka 2013 maabara ya MacKinnon ikatoa picha ya eksirei ya fuwele za sumu ikiwa imekalia mfereji. Laisini ilikuwa imeingia tunduni kama ilivyotabiriwa, na umbo la mfereji halikuwa limebadilika.

Kwa hiyo turudi kwa wanaosema neva imeungua. Sumu ikibanduka, mfereji huendelea na kazi. Nyingine hukaa sekunde kadhaa, nyingine dakika nyingi, lakini zote hushikilia tu, hazikati. Wembe hauna cha kutoa hapo, kwa sababu kizibo hakielei jerahani kikisubiri kukamuliwa. Kimekwisha kukalia mlango wake, na chale huongeza jerahani vijidudu tu.

Kuna kosa la pili linalozaliwa mtu akishaelewa la kwanza: kudhani vizibo hivi ndivyo vinavyoua. Hatari kubwa kwa binadamu hutokana zaidi na sumu ndugu zake, zenye asidi amino kama 60 hadi 70, zinazovuruga mifereji ya sodiamu. Baadhi huizuia isijifunge, mwili ukafurika adrenalini, moyo na mapafu vikalemewa, hasa kwa mtoto mdogo. Ndiyo sababu mtoto aliyedungwa hupelekwa hospitali bila kungoja jiwe linyonye. Vizibo vya potasiamu huenda huongezea tu makali, kwa kuinyima neva iliyokwisha kuchachawa nafasi ya kutulia.

Hata mguu wa laisini usifanywe sheria. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba unahitaji asidi amino jirani yenye pete ya kaboni, kwa karibdotoksini ni tairosini ya 36, na kwamba wawili hao ndio kiini cha kazi. Baadaye zikapatikana sumu zisizo na jozi hiyo ambazo huziba vilevile. Bado sumu nyingi zina jozi hiyo, ila haitoshi tena kueleza zote.

Watafiti waliitumia tabia hii kwa ujanja kabla ya kuwepo picha yoyote. Mwaka 1991 MacKinnon alichanganya vipande vya mfereji wa nzi wa matunda, baadhi vikishikwa na sumu na vingine visishikwe, kisha kutokana na kiasi cha mkondo wa umeme uliozibwa akakokotoa kwamba mfereji mmoja una vipande vinne. Sumu ya nge ilikuwa imemhesabia protini ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Umbo lenyewe, msokoto uliofungwa kwenye mikanda, nge hakulibuni kwa ajili ya kudunga. Linapatikana pia kwenye difensini, protini ambazo wadudu hutumia kuua bakteria. Mwaka 2014 kundi la Shunyi Zhu na Jan Tytgat liliondoa kitanzi kimoja kwenye difensini ya mdudu, nayo ikaanza kuziba mifereji ya potasiamu. Silaha ya nge inaelekea ilianza kama kinga dhidi ya vijidudu.

Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika amekwenda mbali zaidi. Jamaa zake wa jenasi ya Parabuthus wapo hata nyanda kavu za Kenya. Akichokozwa kidogo, tone la kwanza analotoa ni maji maangavu, si sumu ile nzito ya maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uligundua kwamba tone hilo limejaa chumvi ya potasiamu, pamoja na vizibo kadhaa vya mifereji ya potasiamu. Potasiamu nyingi ikimwagwa nje ya neva huishtua papo hapo, na vizibo huifungia njia ya kutulia. Chumvi haina gharama kubwa kuitengeneza kama protini, kwa hiyo nge huanza na ya bei nafuu, na sumu yenye protini nyingi huiweka akiba kwa adui asiyeondoka.