Msiite greda: mteremko wenyewe ndio uwanja wa watoto

Kila ninapoitwa kuangalia eneo la darasa la awali au kituo cha kulelea watoto hapa Kigoma, swali la kwanza huwa lilelile: greda litasawazisha kwa siku ngapi? Mji wetu umekaa juu ya vilima vinavyoshukia ziwani, na kiwanja tambarare ni cha kubahatisha. Ndiyo maana wenye vituo huuona mteremko kuwa kasoro ya kuondolewa mapema. Baada ya hapo miembe inakatwa ili uwanja uonekane, bembea mbili za chuma zinasimikwa juani, na kazi inahesabiwa imekwisha.

Mimi kazi yangu ni kupanga maeneo ya nje ya watoto wadogo, na nasema bila kusita kwamba mteremko ni kifaa cha michezo ambacho hakuna duka linalokiuza. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anajenga mwili kwa kupanda, kushuka, kubingirika na kubeba. Kwenye ardhi tambarare mguu hukanyaga kwa namna moja mchana kutwa. Kwenye mteremko kifundo cha mguu, goti na kiuno hujipanga upya kila hatua, na mtoto anajifunza mizani bila kufundishwa. Halafu lipo suala la udongo. Greda likishakwangua nyasi, udongo mwekundu unabaki uchi, na mvua za Novemba hadi Aprili zinaufanya makorongo. Pesa ya kusawazisha inafuatwa na pesa ya kufukia.

Badala yake nagawa mteremko kwa matuta yanayofuata usawa wa kilima, yakizuiliwa na kuta za mawe zisizozidi nusu mita. Kingo nazipanda mchaichai, kwa sababu mizizi yake inashika udongo na watoto wanapenda kuuchuma na kuunusa. Kati ya tuta na tuta naweka njia mbili. Moja ni ya ngazi fupi, sentimita 12 hadi 15 kila kipandio. Nyingine inazunguka polepole, mita 12 za kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda, ili mtoto anayetumia kiti cha magurudumu afike kule wenzake walipo. Sehemu ya kutelezea nailaza juu ya kilima chenyewe, haina miguu wala mnara. Mtoto akiponyoka pembeni, anaangukia nyasi zilizo kiganja kimoja chini yake.

Mwembe ukiwepo, usiguswe. Watoto wa awali hucheza zaidi asubuhi, na asubuhi kivuli huangukia magharibi, kwetu mara nyingi ni upande wa kuelekea ziwani. Huko ndiko nachimbia shimo la mchanga: kokoto chini ili maji yapite, juu yake mchanga wa kina cha sentimita 30, na jioni linafunikwa turubai, la sivyo paka watalifanya choo.

Tukitaja choo, hapa naomba tuelewane. Kwenye mteremko choo kinakaa chini na watoto wanacheza juu, kamwe si kinyume. Mvua inabeba kila kitu kushuka, na minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu peku. Nikikuta choo kiko juu na hakiwezi kuhamishwa, nahamisha uwanja.

Maji ndiyo yanayowapa watoto raha kuliko kitu chochote nilichowahi kupanga. Ziwa liko karibu, lakini lina mamba na lina kichocho, na bwawa la kuchimbwa ni hatari ya kuzama. Ninachotumia ni kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Maji yanayodondoka nayaelekeza kwenye mfereji wa mawe wenye kina cha vidole vinne, unaoshuka ukipinda hadi kwenye migomba. Kaeni pembeni muangalie. Mmoja anaweka jani la mwembe lielee. Mwingine anaziba kwa tope, maji yanajaa, yanatafuta upenyo, yanabomoa ukingo. Wanajenga tena, safari hii mawe chini na tope juu. Hakuna mtu mzima aliyesema neno. Jioni mfereji umekauka, na mbu hawajapata pa kutagia. Kwa sababu hiyohiyo matairi ya zamani yatobolewe matundu chini kabla ya kuingizwa uwanjani, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana humo.

Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu wa watoto unategemea wingi wa vitu vinavyoweza kuhamishwa na kuunganishwa upya. Kwetu vitu hivyo vimejaa: mise (kokwa za mchikichi), vifuu, vipande vya mianzi, mawe ya mdako, magogo ya mkaratusi. Mianzi ikipasuliwa katikati na kuegemezwa kwenye tuta, mise zinabingirika ndani yake kutwa nzima. Magogo yageuzwe kila asubuhi kabla watoto hawajaja, kwa ajili ya nge. Makuti ya mchikichi yasiingie mpaka miiba ya kwenye vikonyo vyake iparuliwe.

Uzio wa minyaa ung'olewe mahali watoto wanapofika, maana utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Mbarika na mbono nazo hapana, mbegu zake ni sumu.

Wazazi huniuliza, "Mwalimu, mwanangu anakuja kusoma au kuchezea matope?" Ni swali la haki, na ninalijibu kwa heshima. Nawaeleza kwamba mwaka 2020 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliweka udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya vituo vya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na baada ya siku 28 tu, bakteria wa ngozi waliongezeka aina na damu ikaonyesha dalili za kinga inayojidhibiti vizuri zaidi. Udongo wetu una funza na minyoo, kwa hiyo nachagua wa kutoka mbali na vyoo na mifugo, na kunawa ni lazima. Halafu nawaomba walete nguo moja kuukuu kwa kila mtoto. Ombi hilo huwa linamaliza nusu ya ubishi.

Kama tayari mna eneo, wapelekeni watoto humo kwa wiki moja, na mlezi awe nao. Msichore chochote. Watajitengenezea vijia, watachagua jiwe la kukalia, na watawaonyesha pa kubingirika. Vijia hivyo viwekeeni vigingi, kisha mwiteni fundi wa mawe aanzie hapo.