Mashine za mawimbi, tezi dume na rovu: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo. Baba yangu ni mkulima wa Rungwe, ana miaka 67. Usiku anaamka kila mara kukojoa na mkojo unatoka kwa kukatikakatika. Mjini kuna kituo wanakushikisha kifimbo cha chuma, kompyuta inatoa majibu, halafu wanatibu kwa masafa ya mawimbi. Tumpeleke?

Marahaba. Hapana, hiyo hela iwe nauli ya hospitali. Kifimbo kile kinapima jinsi ngozi ya kiganja inavyopitisha umeme kidogo. Kiganja kikiwa na jasho, au mzee akikibana zaidi, majibu yanabadilika. Tezi dume iko chini ya kibofu. Kifimbo hakiioni, na hakiwezi kutofautisha uvimbe wa kawaida wa uzeeni na saratani.

Hospitali wataanza kwa maswali, kisha mkojo, ultrasaundi na kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Daktari anaweza pia kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wazee wetu wengi wanakimbia hapo kwa aibu, kwa hiyo mwambie mapema kwamba ni jambo la muda mfupi sana. PSA ikiwa juu msishtuke, hata maambukizi ya mkojo huipandisha. Kama ni uvimbe wa kawaida, dawa ya tamsulosin hulegeza misuli na wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache. Finasteride hupunguza tezi yenyewe, lakini huchukua miezi. Siku akishindwa kukojoa kabisa, msingoje kukuche. Apelekwe akawekewe mpira wa kutoa mkojo.

Mbona jirani yetu wa Makete alipata nafuu kwa mashine hiyo?

Namwamini. Dalili za tezi dume hupanda na kushuka zenyewe, na hata kwenye tafiti wengi wanaopewa kidonge kisicho na dawa husema wamepata nafuu. Baridi nayo huongeza mkojo na kubana misuli ya shingo ya kibofu. Aliyeanza mawimbi Julai kule Makete akamaliza Septemba amesaidiwa pia na jua. Kinachoniogopesha ni saratani, ambayo mwanzoni mara nyingi haina dalili: mtu anafurahia nafuu, yenyewe inasambaa.

Lakini hata hospitali wanatumia mawimbi.

Ni kweli, na wauzaji wanajificha hapo. Vipo vinundu vya tezi ya shingo vinavyochomwa kwa mawimbi ya redio. Ncha ya sindano inaingizwa ndani ya kinundu, daktari akiiona kwenye skrini, na joto linaunguza nyama ile. Wazo la kwamba kila ugonjwa una masafa yake ya kuuua ni jingine. Lilienezwa na Royal Rife huko Marekani miaka ya 1930, na halijathibitishwa mpaka leo.

Nina upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Niliacha levothyroxine, vidonge vya kuziba upungufu huo, nikaanza mawimbi, hii ni wiki ya pili na niko vizuri.

Dada yangu, rudi kwenye vidonge vyako leo. Dawa hiyo hutoka mwilini polepole, hupungua kwa nusu katika siku 7 hivi. Uzuri unaousikia ni wa dawa uliyoacha. Uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu na mapigo ya moyo kuwa ya polepole vitakuja kidogokidogo, wala hutajua vimeanza lini. Kama una mimba, nenda kliniki bila kuchelewa, maana ubongo wa mtoto unategemea homoni hiyo. Omba kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha.

Na rovu (uvimbe wa tezi ya shingo) la bibi, la miaka mingi?

Huku kwetu rovu lilikuwa la kawaida sana kabla sheria ya katikati ya miaka ya 1990 kutaka chumvi iwekwe madini joto, yaani ayodini. Chumvi hiyo huzuia; rovu kongwe mara nyingi haliondoki. Msimpe matone ya ayodini kwa kubahatisha, yanaweza kuufanya moyo wake uende mbio. Likianza kumkaba, sauti ikikwaruza au likikua haraka, mfikisheni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Ikonda kama mko upande wa Makete.